Jina Nililolisoma Mara Tatu

Kabla redio yetu haijabadilisha muziki, mimi nilikuwa sauti ya wafu. Kila siku saa sita na nusu mchana, na tena saa moja jioni kabla ya habari, nilisoma matangazo ya vifo: fulani ametutoka, mazishi ni kesho kutwa kwenye kilima fulani, watoto wake walioko Bujumbura wafike upesi. Nilisoma kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, polepole, nikiyapa majina nafasi ya kupumua. Na kabla yangu ilitangulia inanga. Ilikuwa kipande cha nusu dakika tu, mzee anachokonoa nyuzi huku akinong'ona maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyaelewa yote. Walimrekodi studioni kwetu kabla sijaajiriwa, na hakuna aliyejisumbua kuandika alikuwa nani.

Redio za mjini kwetu hazisikilizwi sana, zinawaka tu. Mtu anafua, anapiga pasi, anachambua mchele, redio inajisemea. Lakini inanga ile ilikuwa inasimamisha mikono. Kwenye parseli yetu ya Kamenge, yaani ua mmoja wa vyumba vya kupanga, tulikuwa milango saba kuzunguka bomba moja, na ikianza tu, aliyekuwa anateka maji alifunga bomba ili tusipitwe na jina. "Nyamazeni, matangazo!" Ikiwa marehemu si wetu, tunasema Mungu amlaze pema, na bomba linafunguliwa tena. Ikiwa ni wa mmoja wetu, milango mingine sita inaanza kumtafutia nauli.

Nilipaswa kujivunia kazi hiyo. Nilichoka nayo. Siku moja nilikuwa Bwiza nabishana bei ya kitenge, muuzaji akanisikiliza kidogo, akaweka chini kipimo chake na kuniuliza, "Dada, nani amekufa?" Akanipunguzia bei kwa huruma. Mwanamume mmoja aliyetaka kunioa alinieleza, kwa adabu zote, kwamba mama yake hawezi kupata mkwe ambaye akibisha hodi tu watu wanaanza kulia. Nilivicheka visa hivyo mbele za watu, nikavisimulia hata kwenye harusi za wengine. Moyoni vilikuwa vinanikera kweli. Nilikuwa bado kijana, nina sauti nzuri, na sauti yenyewe ilikuwa imeolewa na makaburi.

Kwa hiyo mkurugenzi mpya alipotuita kwenye mkutano na kusema redio inabadilika, mimi nilikuwa tayari kabla hajamaliza sentensi. Rumba iondoke. Nyimbo za wazee wetu ziondoke. Kwaya zibaki Jumapili asubuhi tu. Wimbo wowote wenye umri mkubwa kuliko mtoto wa chekechea usipigwe tena, maana vijana wamehamia kwenye simu, na wenye matangazo ya biashara wamewafuata huko huko. Wenzangu wa zamani waliguna na kutazama viatu vyao. Mimi nilipiga makofi. Nayakumbuka makofi hayo kwa sababu yalikuwa ya mtu mmoja.

Akaja kwenye kile alichokiita habillage, yaani mavazi ya redio, vile vipande vifupi vya muziki vinavyotangulia kila kipindi. Akauliza inanga ya matangazo tuifanye nini. Wote wakanitazama mimi, mwenye kipindi. Nikasema, "Itolewe. Inaleta msiba studioni hata siku ambayo hakuna aliyekufa." Watu wakacheka, mkurugenzi akacheka, na ulimi ukisikia kicheko hauna breki. Nikaongeza kwamba mzee yule mwenyewe huenda ameshakufa na sisi bado tunamtumia kuwalaza watu wengine.

Kazi ya kuchagua kipande kipya nikapewa mimi. Fundi wa mitambo alitengeneza vitatu kwenye kompyuta, nikachukua cha tatu: ngoma za haraka, kinanda, na mwishoni msichana anapaza jina la redio kama ameshinda bahati nasibu. Tangu siku hiyo matangazo yote yaliingia kwenye kikapu kimoja nyuma ya mdundo huo. Kitambulisho kilichopotea, saluni iliyofunguliwa, kiwanja kinachouzwa, mtu aliyekufa. Nikatakiwa kuyasoma haraka, muziki ukiendelea chini ya sauti yangu. Wiki mbili baadaye nikapewa kipindi changu cha alasiri cha nyimbo za vijana. Nilinunua viatu vipya.

Sasa nimlete jirani yangu. Mlango wake ulitazamana na wangu. Alipika maharage kwenye sufuria kubwa na kuyauza pale getini, kwa wanafunzi na kwa watu wanaouguza wagonjwa kwenye hospitali iliyo juu yetu. Kwa miaka kumi na mmoja nilimwita Mama wa fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama kila mtu alivyomwita. Huku kwetu mwanamke akishazaa, jina lake mwenyewe linabaki kwenye kitambulisho, kitambulisho kinabaki chini ya sanduku. Kumuuliza mtu mzima jina lake ni kazi ya polisi. Sikuwahi kuliuliza, naye hakuwahi kulitaja, na hakuna kati yetu aliyeona kuna kasoro.

Redio yake ndogo, iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili betri zisidondoke, ilining'inia kwenye msumari wa geti. Ilishika kituo chetu tu. Alikuwa na sababu. Alizaliwa kwenye kilima cha mbali huko juu, mtoto wa kwanza wa baba aliyempenda mno, baba aliyembeba mgongoni kuvuka mto ili afike shule na kujua kusoma. Kisha akampenda dereva wa lori kutoka Uvira. Baba akakataa, binti akaondoka. Mzee akamwambia asikanyage tena uani kwake akiwa hai. Naye, ambaye ulimi wake haukuwa mfupi kuliko wangu, akamjibu kwamba basi atakuja siku ya kumzika. Dereva alifariki baadaye, watoto wakakua wakaenda zao, lakini lile neno lilibaki.

"Mi nilimuahidi," aliniambia siku moja akichambua maharage. "Kila mutu akitupa udongo, wangu utakuwa wa kwanza. Nitamwambia, Baba, niko hapa, nimekuja kwa mulango mukubwa. Pale ndiyo tutaachiliana."

Ndugu zake hawakuwa na namba yake ya simu. Hakuwapa, kwa kiburi, na wao kwa woga wa baba hawakuitafuta. Kule nyumbani walijua tu kwamba yuko Kamenge na kwamba anasikiliza redio yetu, maana aliwahi kuwapelekea salamu humo, akijitaja Mama wa fulani. Kwa hiyo matangazo yangu yalikuwa ndiyo uzi uliobaki kati yake na baba yake. Alikuwa anaweza kupiga kelele na wateja watano kwa wakati mmoja, lakini inanga ikianza aliinua mwiko juu, mteja anangoja na sahani yake mkononi, hadi jina la mwisho lipite. Kisha anasema, "Bado. Mzee iko," na anaendelea kupakua. Nadhani alilisema kwa furaha.

Tulipobadilisha muziki aliniuliza mara moja. "We, ile inanga yenu iko wapi?"

Nilikuwa natoka kazini na viatu vyangu vipya. Nikamjibu, "Mama, redio si kanisa. Dunia inaenda mbele."

Akacheka, akanipakulia. Nami sikumwambia lile la maana, kwamba wafu sasa wanakuja nyuma ya zile ngoma. Nilidhani atagundua mwenyewe. La, hata kudhani sikudhani, nilikuwa nafikiria kipindi changu. Na siku moja nikiwa mapumzikoni, nimekaa kizingitini, nilimwona kwa macho yangu: saa sita na nusu ngoma zikaanza, msichana akapaza jina la redio, na jirani yangu akanyoosha mkono akapunguza sauti. "Kelele tu sikuizi," akasema, akarudi kwenye sufuria. Mwenzangu aliyeshika zamu alisoma vifo viwili pale kwenye msumari, sauti ikiwa chini kama ya mbu. Nililiona hilo. Nikatafuta neno la kusema, nikaona litakuwa refu, nikaingia ndani.

Mzee alikufa wakati mafuta ya gari yalikuwa adimu. Nakumbuka kwa sababu nilifika kazini kwa miguu, nimelowa jasho, na karatasi ya tangazo ilikuwa imeshawekwa mezani. Kilima, jina la marehemu, siku ya mazishi, kisha watoto, wa kwanza mbele: binti anayeishi Bujumbura, popote alipo ajulishwe. Jina lake lilikuwa lile la zamani, refu, jina ambalo ni sentensi nzima na mzazi analitoa akiwa na jambo analomwambia Mungu. Nikajikwaa. Nikalirudia, nikajikwaa tena. Nyuma ya kioo fundi akaziba mdomo kwa kucheka, nami ikabidi nijibane nisicheke hewani, nikakimbilia mstari wa pili. Jioni, zamu ya pili, nilikuwa nimeshalifanyia mazoezi, likapita vizuri. Kesho yake mchana likapita vizuri zaidi. Fundi akaninyanyulia kidole gumba.

Na jioni zote mbili nilipita getini, nikanunua maharage kutoka kwa mikono ya mwenye jina hilo. Jioni ya kwanza nilimsimulia hata kile kicheko. Nilimwambia kuna jina limenishinda leo, refu kama treni. Jina lenyewe sikulitaja, maana ngoja ngoja ya wateja ilikuwa nyingi. Akaniambia, "Kula, mutoto wangu, umechoka."

Alikuja kujua siku nne baada ya mazishi, kwa mwanamke wa kilima chao aliyeteremsha maparachichi sokoni na kumpa pole. Aliacha sufuria motoni. Tulimchangia, akapanda juu ya lori la makaa lililokuwa linarudi tupu, akaenda. Mimi nilichanga kuliko wote, bado sikujua kitu.

Alirudi baada ya wiki moja. Hakwenda mlangoni kwake, alikuja wangu, akakaa kwenye kigoda na vumbi la safari miguuni.

"Nimekuta wamekwisha panda na maua," akasema. "Udongo umekauka. Nimetupa juu yake, lakini ni kama mutu anatupa taka." Akapangusa vumbi mguuni. Kisha akanitazama. "Wandugu zangu wanasema waliitangaza kwenu. Mara tatu. Na jina yangu ilikuwa ya kwanza. We ndiye unasomaka. Ulisoma?"

Akataja kilima. Hapo ndipo nilipojua lile jina refu lilikuwa la nani.

Nilikuwa na maneno ya kusema, na hayakuwa mengi. Nilisoma. Sikujua ni wewe. Muziki uliokufanya upunguze sauti niliuchagua mimi. Yote yalikuwa mdomoni, yamepanga mstari. Lakini uso wake ulikuwa karibu sana, na niliogopa. Niliogopa macho yake, niliogopa milango mingine mitano iliyokuwa wazi, niliogopa kuwa tena yule ambaye watu wakimsikia wanalia.

"Apana, Mama," nikasema. "Haikupita kwetu."

"Kweli?"

"Kweli ya Mungu."

Akashusha pumzi. Akaniwekea mkono begani, akanipa pole mimi kwa kunisumbua. Kisha akasema polepole, "Basi wamedanganya. Walikula pesa ya tangazo, wakanizika na mi pamoja na Baba."

Hata hapo ningeweza kurudi nyuma. Lakini aliazima simu ya mwanafunzi, akampigia mdogo wake wa kiume, ambaye walikuwa wamepatana juzi tu msibani na kulia pamoja. Nilikuwa ndani naosha vyombo. Nilisikia kila neno kupitia pazia: mwizi, mwongo, usiniite tena dada. Yule kijana nadhani alikuwa anaapa huko upande wa pili, maana jirani yangu alisema, "Usiape! Niko na mutu wa redio hapa, ameniambia." Mutu wa redio alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha takata zamani.

Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitosha miezi minane. Nilimnunulia makaa. Nilinunua maharage ya watu wawili na kumwaga nusu. Nilimbebea maji, nikamchomekea waya wa taa. Kadiri nilivyomfanyia mema ndivyo alivyonibariki, na kila baraka ilikuwa inanikalia vibaya. Kazini nilimwendea fundi, nikamwomba turudishe inanga, angalau kwa wafu. Akatafuta. Kompyuta mpya haikuwa nayo, na kanda ya zamani walikuwa wamerekodi juu yake tangazo la sabuni. "Nani anakumbuka?" akaniuliza, naye hakuwa na ubaya wowote. Kipindi changu cha alasiri kilikuwa kimependwa sana. Vijana walikuwa wananisalimia njiani kwa jina la kipindi, na hakuna muuzaji wa Bwiza aliyenipunguzia bei tena.

Ikafika zamu ya kuganduka, kuondoa matanga, siku ambayo ukoo unakutana, kinywaji kinapita, na huzuni inafungwa rasmi. Baba yake mdogo alimtuma mtu kusema kwamba haiwezekani kuganduka bila mtoto wa kwanza. Jirani yangu alikataa mara mbili, ya tatu akakubali kwa sharti moja, kwamba tangazo atalipeleka yeye mwenyewe. "Wale sitaki wapeleke kitu," aliniambia. "Safari hii nitaleta na mukono yangu, na nitakuona na macho yangu ukiandika."

Alikuja mchana wa Alhamisi, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mwenzetu wa mapokezi alikuwa ameenda kula, nikakaa mimi. Kaunta yetu ni ndogo, mtu akisimama mbele yako mnagusana pumzi. Alifurahi kunikuta. Aliangalia picha za wasanii ukutani, akaangalia taa nyekundu ya studio, akasema, "Kumbe ni hapa jina za watu zinapitaka."

Nikachukua karatasi ya matangazo na kalamu. Alisema, mimi naandika. Familia ya marehemu fulani, wa kilima fulani, inawaalika ndugu na marafiki. Siku. Saa. Misa itakuwa wapi. Alikuwa anasema polepole kwa ajili yangu, akifuata kalamu kwa kidole hewani, maana kusoma anajua, baba yake alimvusha mto kwa ajili hiyo.

"Sasa andika: watoto wake ni," akasema, akasita kukaza kitenge chake kiunoni.

Kalamu haikungoja. Ilikuwa imeshazoea orodha ile, ilikuwa imelala na kuamka nayo kwa miezi minane. Niliandika jina la mtoto wa kwanza, lile refu, sentensi nzima, bila kukosea hata herufi moja, na nilikuwa nimeshaweka alama ya mkato na kuanza la mdogo wake niliposikia kimya chake.

Kidole chake kilikuwa juu ya karatasi, chini ya jina lake.

"Mi bado sijakuambia," akasema.

Ndani ya studio ngoma zikaanza, msichana akapaza jina la redio yetu. Jirani yangu aligeuza kichwa kwenye spika ya ukutani. Mwenzangu akaanza kusoma haraka haraka: kitambulisho kimeokotwa Buyenzi, kisha fulani ametutoka. Jirani yangu akasikiliza mpaka mwisho. Nilimwona anaelewa.

"Ni hiyo?" akauliza. "Ni hiyo mi nilikuwa napunguza?"

"Ndiyo, Mama."

"Na we ulinionaka."

"Nilikuona."

Nilingoja anipige. Ningeshukuru. Hakunipiga wala hakupaza sauti, yeye anayeweza kupiga kelele na wateja watano. Alisema tu, "Mudogo yangu alilia kwa simu, akaapa kwa kaburi ya Baba. Nikamuita mwizi." Akavuta karatasi, akaitazama muda mrefu, kisha akanirudishia kwa upande wangu wa kaunta.

"Soma," akasema.

"Mama, nisamehe."

"Soma. Jina yangu sijawahi kuisikia kwa redio. Soma vile ulisoma ile siku, kwanza Kirundi."

Nikasimama, nikasoma. Polepole, kama zamani, bila muziki chini. Lilipofika jina lake alifumba macho, akainua mkono wa kulia juu kidogo, kama anashika mwiko. Sikujikwaa popote.